Kufundisha Utambuzi kwa Mnyama Asiyeonekana: Mfano wa Nyangumi-Mdomo

Kila mwalimu mwanachuo hufundishwa mapema kwamba somo la sayansi huanza na kitu chenyewe. Tukifundisha juu ya mbegu, twaleta mbegu. Tukifundisha juu ya udongo, twatoka nje na jembe. Kanuni hiyo ni njema nasi hatuna nia ya kuipinga. Lakini wapo wanyama ambao mwalimu hawezi kuwaleta darasani, wala hawezi kuwapeleka wanafunzi mahali walipo, wala yeye mwenyewe hatarajii kuwaona maishani mwake. Je, wanyama wa namna hiyo waachwe nje ya somo? Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba waweza kuwa kielelezo bora cha kufundishia jambo ambalo mbegu ya maharage hailifundishi vizuri, yaani kutenganisha kile tulichokiona na kile tunachodhani kuwa tumekiona.

Mfano wetu ni nyangumi wa jamii ambayo midomo yake imechongoka mbele kama mdomo wa ndege. Kwa kuwa lugha yetu haina jina moja lililozoeleka kwao, hapa tutawaita nyangumi-mdomo.

Wanyama wenyewe

Wataalamu wanahesabu aina 24 hivi za nyangumi-mdomo. Wadogo wana urefu wa mita 4 hivi, na wakubwa hupita mita 11. Mnyama mkubwa kiasi hicho angetazamiwa kujulikana sana, lakini mambo si hivyo. Aina mbili kati ya hizo zimepewa majina ya kisayansi hivi karibuni tu, moja mwaka 2019 na nyingine mwaka 2021. Yupo mwingine, mwenye meno yaliyofanana na koleo, ambaye alijulikana kwa taya lililopatikana mwaka 1872 katika Visiwa vya Chatham, karibu na New Zealand. Mwili mzima wa aina hiyo ulipatikana mara ya kwanza mwaka 2010, wakati mama na mtoto wake walipokwama ufukoni huko New Zealand. Nao walitambuliwa baada ya vinasaba vyao kuchunguzwa. Mwingine alisukumwa na mawimbi hadi ufukoni mwezi Julai 2024. Hakuna mtu aliyethibitisha kumwona mnyama huyo akiwa hai baharini.

Sababu ya uadimu huo ni maisha yao. Hukaa mbali na nchi kavu, penye kina kirefu, na chakula chao kikubwa ni ngisi wa kilindini ambao huwavuta kinywani kama mtu anayefyonza maji. Aina iliyochunguzwa zaidi ni ile iliyopewa jina na Georges Cuvier wa Ufaransa mwaka 1823. Cuvier alikuwa na fuvu tu, akaamini kwamba mnyama wake alikwisha toweka duniani zamani. Kumbe alikuwa hai na anaogelea katika karibu bahari zote za dunia, ikiwamo Bahari ya Hindi. Mbizi ya kawaida ya mnyama huyu hufika mita 1,400 hivi na huchukua zaidi ya saa moja. Mbizi ya kina kirefu kabisa iliyopimwa, ambayo habari zake zilichapishwa mwaka 2014, ilifika mita 2,992. Mbizi ndefu kupita zote, iliyochapishwa mwaka 2020, ilichukua dakika 222.

Tarakimu hizi zisisomwe tu ubaoni. Mwalimu awaambie wanafunzi wagawanye 222 kwa 40. Watapata kwamba mnyama huyo alizuia pumzi kwa muda wa vipindi vitano vya darasani na zaidi ya nusu ya kipindi cha sita. Halafu walinganishe mita 2,992 na urefu wa Mlima Kilimanjaro, mita 5,895. Mtoto akiona kwamba mnyama avutaye hewa kama yeye ameshuka zaidi ya nusu ya Kilimanjaro chini ya maji, hahitaji kuambiwa kwa nini wanyama hao hawaonekani.

Fuvu la Danane

Sasa tuje kwenye kisa ambacho ndicho kiini cha somo tunalolipendekeza. Kinaihusu pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, na twashangaa kwamba hakitajwi shuleni.

Mwaka 1882 fuvu na taya la nyangumi vilipatikana ufukoni huko Mackay, katika jimbo la Queensland, Australia. Vilikaa katika makumbusho hadi mwaka 1926, ambapo Heber Longman aliandika kwamba ni vya aina isiyojulikana, akaipa jina. Wenzake hawakukubaliana naye wote. Wengine walidhani ni namna tu ya nyangumi-mdomo aliyekwisha julikana; mwingine akadhani ni jike wa nyangumi wa bahari za baridi mwenye paji la uso lililotokeza. Fuvu moja halikuweza kumaliza ubishi. Huenda lilikuwa la mnyama wa kawaida aliyezaliwa na kasoro, nani angejua?

Mwaka 1955 likapatikana fuvu la pili. Lilitoka pwani ya Somalia, karibu na Danane, nalo lilikutwa sakafuni katika kiwanda cha mbolea. Msomaji atafakari jambo hilo kwa makini: mifupa ililetwa ili isagwe irutubishe mashamba, na fuvu hilo likasalimika. Maria Luisa Azzaroli wa Italia alichapisha maelezo yake mwaka 1968. Mafuvu mawili, moja la Australia na moja la Somalia, yalifanana kwa namna ambayo kasoro ya kuzaliwa isingeweza kueleza. Longman alikuwa amesema kweli. Hata hivyo, hadi hapo hapakuwa na mtu awezaye kusema mnyama huyo ana rangi gani, ana pezi la namna gani, au anaishi peke yake au kwa makundi.

Wakati huohuo palikuwa na habari za upande mwingine kabisa. Watu waliosafiri katika bahari za joto, Pasifiki na Hindi, walikuwa wakiona makundi ya nyangumi wakubwa wenye paji la uso la mviringo, wanaofanana na wale wa bahari za baridi. Lakini mahali walipoonekana hapakuwa mahali pao. Picha zilipigwa, maelezo yakaandikwa, na jina halikupatikana. Basi ikawa upande mmoja kuna mifupa isiyo na mwili, na upande wa pili kuna miili isiyo na mifupa.

Mwaka 1999 Robert Pitman na wenzake walikusanya taarifa za mabaharia na watafiti, wakaandika kwamba yamkini mnyama wa picha na mnyama wa mafuvu ni mmoja. Tunaomba walimu walitazame neno hilo, yamkini. Watafiti hao walikuwa na miaka mingi ya kazi baharini, na bado hawakusema hakika, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ameshika fuvu la mnyama aliyepigwa picha.

Kiungo kilipatikana kidogo kidogo. Mwezi Januari 2000 jike mzima mwenye mimba alikufa katika visiwa vya Maldives. Makumbusho nayo yakafunguliwa upya: palikuwa na fuvu kutoka Kenya, na mabaki ya wanyama wachanga wawili waliokwama katika pwani ya Afrika ya Kusini mwaka 1976 na mwaka 1992. Vinasaba vikalinganishwa na vile vya mafuvu ya zamani. Rangi za wale wachanga wa Afrika ya Kusini zililingana na rangi za watoto walioonekana katika picha za baharini, na hapo pande mbili zikakutana. Merle Dalebout na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2003. Tangu fuvu la Mackay lipatikane ilikuwa imepita miaka 121.

Mnyama huyo sasa anajulikana vya kutosha kutambuliwa na mtu aliyezoea: urefu wa mita 6 hivi, mdomo mrefu, paji la uso lililosimama, pezi la mgongoni refu kiasi, na makundi ambayo mara nyingine hufikia wanyama 100.

Namna ya kuwatambua baharini

Kabla ya kwenda darasani mwalimu hana budi kufahamu watafiti wanafanya kazi gani hasa, asije akadhani ni kukaa juu ya meli na kungoja. Kwanza huhitaji bahari iliyotulia. Wavuvi wetu wanajua tofauti ya bahari ya kusi iliyochafuka na bahari ya maleleji, wakati pepo zinapobadilishana. Katika bahari iliyochafuka mgongo wa nyangumi-mdomo hautofautiki na wimbi. Pili, mnyama akiibuka hukaa juu dakika chache, huvuta pumzi kadha wa kadha, kisha huzama. Katika muda huo mtafiti hutazama umbo la kichwa, urefu wa mdomo, mahali pezi lilipo, rangi, na makovu.

Alama iliyo bora kuliko zote ni meno, nayo ni alama ya uchoyo. Katika aina nyingi dume mzima ana meno mawili tu katika taya la chini, nayo hutokeza nje ya mdomo. Kila aina ina mahali pake pa meno: katika mnyama wa Cuvier yako kwenye ncha ya taya, katika aina nyingine taya limeinuka kama upinde na meno yamekaa juu yake. Madume hupigana kwa meno hayo, na ndiyo maana ngozi zao zimejaa mistari mirefu ya makovu. Lakini majike na wachanga meno yao hayatoki kabisa. Maana yake ni kwamba wengi wa wanyama waonekanao baharini hawana ile alama ambayo ingewatambulisha, na mtafiti mwaminifu huandika katika daftari lake: nyangumi-mdomo, aina haikutambuliwa. Huandika hivyo mara nyingi sana.

Zipo njia nyingine. Makovu na mapengo ya pezi hupigwa picha ili mnyama mmoja mmoja afahamike akionekana tena mwaka mwingine. Vyombo vidogo hubandikwa ngozini kwa vikombe vya kufyonza, navyo hurekodi kina na sauti, kisha hujibandua. Kwa kuwa wanyama hawa hutafuta ngisi gizani kwa kutoa milio na kusikiliza mwangwi wake, vinasa sauti hutumbukizwa majini. Na kila aina ina mlio wake, ambao kwa sehemu kubwa sikio la mtu haliwezi kuusikia. Mlio mmoja wa namna hiyo ulinaswa kwa miaka mingi katika Pasifiki ya Kaskazini bila kujulikana mwenyewe. Mwaka 2024, karibu na Baja California nchini Mexico, watafiti waliufuata hadi wakamwona mnyama na kupata kipande kidogo cha ngozi yake. Vinasaba vikaonyesha kwamba ni aina iliyopewa jina huko Japani mwaka 1958, ambayo ilikuwa haijathibitishwa kuonekana hai.

Uendeshaji wa somo

Tunapendekeza vipindi viwili kwa Darasa la Sita au la Saba. Zana ni katoni, kamba ya mita 6, chaki, na kadi tano zilizoandikwa kwa mkono.

Kipindi cha kwanza kianzie uwanjani. Wanafunzi wanyooshe kamba na kuchora chini umbo la mnyama kwa urefu wake halisi, kisha wahesabu ni wanafunzi wangapi waweza kulala ndani yake. Wakirudi darasani, mwalimu awe ametayarisha picha tatu za nyangumi-mdomo zilizobandikwa kwenye vijiti, na katoni iliyokatwa dirisha jembamba. Apitishe picha nyuma ya dirisha kwa kuhesabu hadi tatu, mgongo na pezi tu vikionekana. Picha mbili kati ya hizo ziwe na migongo iliyo sawa kabisa na vichwa vilivyo tofauti. Kila mwanafunzi ana karatasi yenye safu tatu: Nimeona, Nadhani, Sijui. Picha zikisha pita, ndipo zionyeshwe nzima.

Watakaoandika kwamba picha mbili zilikuwa za mnyama mmoja watakuwa wengi. Mwalimu asiwacheke wala asiwakosoe kwa kalamu nyekundu. Awaulize walichokiweka katika safu ya kwanza. Yule aliyeandika “Nimeona mgongo wa kijivu na pezi dogo” yuko sawa, hata kama katika safu ya pili amekosea kabisa.

Kipindi cha pili ni cha kadi. Kadi ya kwanza inaeleza fuvu la Mackay, ya pili fuvu la Danane, ya tatu taarifa za mabaharia, ya nne wale wachanga wawili wa Afrika ya Kusini, na ya tano jike wa Maldives. Zitolewe moja baada ya moja, na kila baada ya kadi kundi liandike katika safu zake tatu. Kadi ya tatu ndiyo mtihani wenyewe. Mwalimu auliza: Je, mnyama wa mabaharia ndiye mwenye fuvu? Makundi mengi yatajibu ndiyo, maana watoto wanajua kusoma uso wa mwalimu na wamekwisha hisi hadithi inaelekea wapi. Lakini kwa kadi tatu hizo jibu sahihi ni kwamba bado haijulikani. Kundi lililoandika hivyo lipewe alama zote.

Hapa twajua tunagusa mazoea yaliyokita mizizi. Katika mafunzo kwa vitendo tumeona mara nyingi mwalimu akiinua kitu mbele ya darasa na kuuliza, “Hiki ni nini?” Atakayetaja jina anapigiwa makofi, na anayesema hajui anabaki amesimama. Baada ya miaka saba ya utaratibu huo mtoto amejifunza vizuri sana kwamba jina la kubahatisha lina faida kuliko ukimya wa kweli. Kisha mtoto huyohuyo anakuwa mganga wa zahanati anayesoma dalili za mgonjwa, au bwana shamba anayetazama majani yenye madoa. Twaona ni afadhali swali la kwanza liwe “Unaona nini?” na swali la jina lije mwishoni, au lisije kabisa kama ushahidi hautoshi.

Mwanafunzi anaweza kuuliza faida ya kujua majina ya wanyama wasioonekana. Swali hilo lisipuuzwe. Mwezi Machi 2000, huko Bahamas, na mwezi Septemba 2002 katika Visiwa vya Canary, nyangumi-mdomo walikwama ufukoni na kufa baada ya manowari kutumia karibu nao mitambo yenye sauti kali ya kutafutia nyambizi. Huko Canary walikuwa 14. Serikali ya Hispania ilipiga marufuku mitambo hiyo katika maji ya visiwa hivyo mwaka 2004, na katika miaka iliyofuata watafiti walioandika mwaka 2013 hawakuona tena vifo vya namna hiyo huko. Uamuzi huo uliwezekana kwa sababu palikuwa na watu wanaojua ni wanyama gani waliokufa, wanaishi wapi, na ni vifo vingapi vilivyo vya kawaida.

Kwa shule za pwani

Pwani yetu ina mahali ambapo kina kirefu kiko karibu na nchi kavu, kama vile Mkondo wa Pemba, na fuvu la Danane na lile la Kenya yanatosha kutukumbusha kwamba mnyama huyu si mgeni upande huu. Kwa hiyo shule iliyo karibu na bahari iongeze kipindi cha tatu: la kufanya nyangumi akikutwa ufukoni. Wanafunzi wasimkaribie wala kumgusa, awe hai au amekufa, kwa kuwa mkia wa aliye hai huvunja mfupa na mzoga huambukiza maradhi. Akiwa hai, watu wazima wapeleke habari mara moja kwa ofisi ya uvuvi iliyo karibu. Wamwagilie ngozi maji ya bahari bila kuziba tundu la pumzi lililo juu ya kichwa, na umati uwekwe mbali.

Akiwa amekufa, mwalimu mwenyewe, akisimama upande usio na upepo wa mzoga, aandike tarehe, saa na mahali. Urefu kwa hatua zake alizokwisha zipima. Rangi ya tumbo na mgongo. Kama kuna mifereji miwili kooni. Na kama kuna jino lolote linaloonekana katika taya la chini, liko kwenye ncha au katikati. Ikiwapo simu yenye kamera, picha ya kichwa ipigwe kutoka ubavuni, kukiwa na jembe au kitu kingine cha urefu unaojulikana karibu nacho. Mahali pa jina la mnyama paachwe wazi kama halijulikani. Taarifa ipelekwe ofisi ya uvuvi, na nakala yake ibaki katika daftari la shule.